Mandhari za Programu: Zilivyochanua na Zilivyonyauka

Windows 95 ilipotoka, Microsoft iliuza pia kifurushi cha ziada kilichoitwa Plus!, na ndani yake mlikuwa na mandhari zilizobadilisha picha ya skrini, aikoni, kielekezi na sauti kwa mkupuo mmoja. Kompyuta ilikuwa ngeni majumbani, na mwenye nayo alitaka ionekane kuwa yake.

Hamu hiyo ilipata uwanja mpana katika Winamp, programu ya kuchezea muziki iliyotoka mwaka 1997. Mandhari yake ilikuwa faili la zip lenye picha chache tu. Moja, main.bmp, ilikuwa na upana wa pikseli 275 na kimo cha pikseli 116, nyingine, cbuttons.bmp, ilibeba vitufe vya kucheza na kusimamisha wimbo. Aliyejua kutumia Paint aliweza kuvipaka vitufe hivyo rangi aitakayo, na programu ilikata kila kipande na kukipachika mahali pake. Kwa kuwa vipimo havikubadilika, kazi ya mwanafunzi asiyejua kuandika hata mstari wa msimbo ilidumu miaka mingi. Hapo, naamini, ndipo penye ufunguo wa habari yote.

Kwa nini basi desturi hii ilififia? Wapo wanaosema kampuni zilitaka kulinda sura ya bidhaa zao, na ushahidi upo: Windows XP ya mwaka 2001 ilikubali tu mitindo iliyotiwa saini na Microsoft, hata wapenzi wa mandhari wakalazimika kuchokonoa faili la uxtheme.dll. Wengine wanaitaja simu ya mkononi. Lakini hoja ya kampuni haitoshi kueleza yaliyoipata Firefox, kivinjari kilichojengwa kwa nia ya kumpa mtumiaji uhuru, na ambacho mandhari zake ziliweza kukigeuza chote.

Mwaka 2011 Firefox ilianza kutoa toleo jipya kila baada ya wiki sita. Kila toleo liliweza kuhamisha kitufe au kufuta sehemu ambayo mandhari iliitegemea, na mchoraji wa kujitolea alijikuta akikarabati kazi ileile mwaka mzima bila malipo. Wengi walichoka, nao hawana lawama. Toleo la 57, la Novemba 2017, lilizifuta mandhari kamili, zikabaki zile za rangi na picha. Mwaka 2019 baadhi ya waundaji wa programu za GNOME, kwenye Linux, waliwaandikia wasambazaji barua ya wazi wakiwasihi wasizibadilishe sura programu zao, kwa sababu maandishi na aikoni vilivurugika na malalamiko yakawarudia wao.

Wakati huohuo uchaguzi mpya ulikuwa unaenea: mwanga au giza. macOS Mojave iliuleta mwaka 2018, kisha Android 10 na iOS 13 zikafuata mwaka 2019. Android 12, ya mwaka 2021, iliongeza jambo moja: mtumiaji achague picha ya skrini, na mfumo wenyewe uchote humo rangi za vitufe.