Mabonde ya Lot na Célé: Njia za Kale Zilizorithiwa na Baiskeli

Mto Lot huanzia kwenye milima ya Cévennes, kusini mwa Ufaransa, karibu na Mlima Lozère, kisha hutiririka kuelekea magharibi kwa takriban kilomita 480 mpaka unapoingia mto Garonne. Katika sehemu yake ya kati, ndani ya nchi ya kale iitwayo Quercy, mto huu haunyooki. Unajipinda huku na huku chini ya majabali ya mawe ya chokaa, na kila pindo lina shamba au kijiji kilichozungukwa na maji pande tatu. Kaskazini yake, mto mdogo wa Célé unapita katika bonde jembamba zaidi, kutoka mji wa Figeac hadi karibu na kijiji cha Bouziès, ambako unaungana na Lot. Ukizidi kwenda magharibi unafika Cahors, mji uliojengwa ndani ya pindo kubwa la mto, ambao leo ni makao makuu ya mkoa wa Lot.

Juu ya mabonde hayo kuna nyanda kavu zinazoitwa causses. Maji ya mvua hayakai huko. Hupenya kwenye nyufa za mawe, hutiririka chini ya ardhi katika mapango, na kutokea tena bondeni kama chemchemi. Kwa sababu hiyo watu waliishi zaidi chini, penye maji na udongo mzuri, huku nyanda za juu wakizitumia kwa malisho ya kondoo, kuni na mawe ya kujengea. Maisha ya aina hiyo yalidai njia nyingi: za kupanda na kushuka baina ya bonde na uwanda, za kufuata mto, na za kuwavusha wageni kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine. Njia hizo ndizo wanazopita leo waendesha baiskeli za milimani. Ni chache mno zilizochongwa kwa ajili yao, kwa kuwa nyingi zilikuwepo karne kadhaa kabla ya baiskeli kubuniwa, na kila moja ilizaliwa na haja yake.

Dalili za kwanza za binadamu katika mabonde haya zimo ndani ya ardhi. Mwaka 1922 vijana wawili, André David na Henri Dutertre, wakitiwa moyo na padri Amédée Lemozi aliyekuwa mtafiti wa mambo ya kale, waliingia kwenye pango la Pech Merle juu ya kijiji cha Cabrerets, katika bonde la Célé. Humo walikuta michoro ya mamothi, nyati na farasi. Mchoro maarufu kuliko yote ni wa farasi wawili wenye madoadoa meusi, wenye umri wa takriban miaka 29,000. Mchoraji alitumia umbo la mwamba wenyewe, ambao ukingo wake wa kulia unafanana na kichwa cha farasi, na kuwazunguka wanyama hao kumeachwa alama za viganja vya mikono zilizopulizwa rangi pembeni. Pango lilifunguliwa kwa wageni mwaka 1926 na bado linatembelewa.

Wakati wa Warumi nchi hii ilikuwa ya kabila la Wakaduri. Wagalia walifanya upinzani wao mkubwa wa mwisho dhidi ya Julius Caesar mwaka 51 kabla ya Kristo huko Uxellodunum, ngome ya kaskazini mwa Quercy, na Warumi waliishinda kwa kuikatia maji ya chemchemi. Baada ya hapo ulijengwa mji wa Divona, ambao ndio Cahors ya leo, kando ya chemchemi kubwa iliyoabudiwa na wenyeji. Sarafu za Kirumi zilizotupwa kama sadaka zimeopolewa humo, na maji ya chemchemi hiyo yangali yanatumiwa na wakazi wa mji.

Njia kubwa zaidi ya Enzi za Kati ilikuwa ya mahujaji. Kati ya mwaka 950 na 951 Godescalc, askofu wa Le Puy, alisafiri hadi Santiago de Compostela nchini Hispania, kwenye kaburi linaloaminiwa kuwa la Mtume Yakobo. Walimfuata maelfu ya waumini, na njia itokayo Le Puy ikawa mojawapo ya barabara nne kuu za hija nchini Ufaransa. Ilipita Conques, ikashuka Figeac, ikavuka uwanda hadi Cajarc na Cahors, kisha ikaelekea Moissac. Mahujaji wengine walipendelea kulifuata bonde la Célé, ambako walipata malazi kwenye nyumba za watawa za Espagnac na Marcilhac. Abasia ya Marcilhac iliharibiwa katika Vita vya Miaka Mia Moja. Sehemu ya kanisa lake imebaki bila paa hadi leo, na kuta zake za karne nyingi zimesimama wazi kwa jua na mvua.

Figeac ilikua kutokana na abasia na biashara iliyoizunguka. Wafanyabiashara wake wa karne ya 13 na 14 walijenga nyumba za mawe zenye matao mapana upande wa barabara, ambako bidhaa ziliuzwa, na juu kabisa wakaacha dari zilizo wazi kwa upepo, za kukaushia ngozi, nguo na mazao. Katika mji huo alizaliwa Jean-François Champollion mwaka 1790, mtaalamu aliyetangaza mwaka 1822 kwamba amepata ufunguo wa kusoma maandishi ya kale ya Misri. Uwanja mmoja nyuma ya nyumba alimozaliwa umetandikwa nakala kubwa ya Jiwe la Rosetta, kazi ya msanii Joseph Kosuth ya mwaka 1991, ambayo wapita njia hutembea juu yake.

Cahors yenyewe ilitajirika kwa fedha. Wakopeshaji wake walijulikana Ulaya nzima katika karne ya 13, hata mshairi Dante akautaja mji huo kama mfano wa riba. Mwana wa mji, Jacques Duèze, alichaguliwa kuwa Papa mwaka 1316 kwa jina la Yohane XXII, na mwaka 1332 akaanzisha chuo kikuu cha Cahors. Mwaka 1308 liliwekwa jiwe la kwanza la daraja la Valentré, na ujenzi wake ulichukua sehemu kubwa ya karne hiyo. Daraja hilo lina matao makubwa sita na minara mitatu inayopanda kiasi cha mita 40 juu ya maji, kwa maana lilikuwa njia na ngome kwa pamoja. Simulizi ya wenyeji inasema fundi mkuu aliyechoshwa na ucheleweshaji alimuahidi Shetani roho yake iwapo angemsaidia kumaliza kazi. Kazi ilipokaribia kwisha, fundi akamtaka Shetani awaletee mafundi maji kwa chekeche, naye akashindwa. Kwa hasira akawa anang'oa jiwe moja la mnara wa kati kila usiku. Daraja lilipokarabatiwa mwaka 1879, msanifu Paul Gout aliweka kwenye pembe ya mnara huo sanamu ndogo ya Shetani akivuta jiwe, na bado iko pale kwa anayeinua macho.

Vita vya Miaka Mia Moja, kuanzia 1337 hadi 1453, viliifanya Quercy kuwa mpaka wa falme za Ufaransa na Uingereza. Katika majabali ya Bouziès na Brengues bado zinaonekana kuta zilizoziba midomo ya mapango, zinazoitwa na wenyeji ngome za Waingereza. Tauni ya mwaka 1348, kisha vita vya dini vya karne ya 16, viliongeza maafa. Mwaka 1580 Henri wa Navarre, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Henri IV, aliuteka mji wa Cahors baada ya mapigano makali ya mitaani.

Mto ulibaki kuwa uti wa mgongo wa uchumi. Mashua zenye kitako bapa zilishusha divai nyeusi ya Cahors hadi Bordeaux, na kupandisha chumvi na samaki wakavu. Wafanyabiashara wa Bordeaux walikuwa na haki ya kuuza divai yao kwanza, hivyo divai za juu ya mto zilisubiri bandarini, hadi waziri Turgot alipouondoa upendeleo huo mwaka 1776. Katika karne ya 19 ziliongezeka mashua za makaa ya mawe ya Decazeville. Kwa kuwa mkondo ulikuwa na nguvu, mashua za kupanda zilikokotwa kwa kamba kutoka ukingoni. Kati ya Bouziès na Saint-Cirq-Lapopie jabali linasimama majini moja kwa moja, bila nafasi ya kukanyaga. Katika miaka ya 1840 wafanyakazi walichonga njia ndani ya mwamba wenyewe. Anayepita humo ana jiwe chini ya miguu, jiwe ubavuni na jiwe juu ya kichwa, huku upande wa pili ukiwa wazi kwa mto.

Kazi ya kukokota mashua haikudumu. Reli ya Cahors hadi Capdenac ilifunguliwa mwaka 1886, na mizigo ikahamia kwenye mabehewa. Wakati huohuo mdudu filoksera, anayenyonya mizizi ya mizabibu, aliangamiza mashamba ya Quercy. Watu walihamia mijini, Vita Kuu ya Kwanza ikachukua vijana, na nyanda za juu zikaachwa kwa mialoni na mireteni. Mizabibu iliyopandwa upya iliuawa na baridi kali ya mwaka 1956, na ilipofika mwaka 1971 ndipo divai ya Cahors, inayotokana hasa na zabibu za malbec, ilipopewa hadhi rasmi ya jina la asili.

Wakulima walipoondoka, vijia vingi vilifunikwa na miiba. Nchini Ufaransa vijia vya mashambani ni mali ya serikali za vijiji, na kisichotumika kinaweza kuuzwa. Sheria ya mwaka 1983 iliikabidhi mikoa kazi ya kuorodhesha njia za matembezi, na kijia kilichoingizwa kwenye orodha hakiwezi kufutwa bila kuwekewa kingine mbadala. Ulinzi huo ulikuja wakati baiskeli za milimani, zilizobuniwa California katika miaka ya 1970, zilipokuwa zinaanza kuenea Ufaransa. Hivyo watembeaji na waendesha baiskeli wakawa sababu mpya ya kuvifyeka na kuvitunza vijia ambavyo mkulima hakuvihitaji tena.

Njia za baiskeli huwekewa alama ya pembetatu na duara mbili, na ugumu wake huonyeshwa kwa rangi: kijani kwa anayeanza, kisha buluu, nyekundu na nyeusi. Mizunguko mingi ya Quercy inafuata mpangilio wa nchi. Huanzia kijijini kando ya mto, hupanda jabali kwa gia nyepesi, huvuka uwanda, na kurudi chini kwa mteremko mkali wenye mawe yaliyolegea. Uwandani njia hupita baina ya kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, zilizojengwa na wachungaji kwa mawe waliyoyaondoa malishoni, na vibanda vya mviringo vya mawe hayohayo. Kondoo wa huko wana sufu nyeupe na miduara myeusi machoni. Mageti yao hufungwa kila baada ya kupita, maji ya kunywa hubebwa kutoka bondeni, na mvua ikinyesha mawe ya chokaa huteleza sana, hata breki nzuri hazitoshi.

Hadhi ya kimataifa imeongeza ulinzi. Mwaka 1998 UNESCO iliorodhesha njia za Santiago nchini Ufaransa kuwa Urithi wa Dunia, likiwemo daraja la Valentré na vipande saba vya njia ya Le Puy, vitatu kati yake vikiwa katika mkoa wa Lot. Mbuga ya asili ya Causses du Quercy ilianzishwa mwaka 1999, na mwaka 2017 ilitambuliwa na UNESCO kwa thamani ya miamba yake. Utambuzi huo hautoshi bila matumizi. Mahali ambapo watu hawapiti, kuta hubomoka na vichaka hurudi baada ya miaka michache. Kijia cha Quercy kimeendelea kuishi kwa kubadilisha watumiaji, kutoka kwa mchungaji, hujaji na mkokota mashua hadi kwa mtembeaji na mwendesha baiskeli.