Kiti cha Fundikira na Njia ya Bagamoyo

Kijana mmoja wa Unyanyembe, moja ya nchi za Wanyamwezi, alikuwa safarini kwenda pwani, mzigo begani kama wapagazi wenzake, alipopata habari kuwa baba yake, mtemi, amefariki. Akautua mzigo, akageuka, akarudi nyumbani kutawala. Ndivyo msafiri Mwingereza Richard Burton alivyoandika baada ya kufika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857. Kijana yule alikuwa Fundikira, na wakati huo alikuwa mtemi mzee, mgonjwa.

Msomaji asidhani upagazi ulimshushia hadhi. Kwa Wanyamwezi, safari ya pwani ilikuwa ndiyo jando la mwanamume, na meno ya tembo yalikwishafika baharini kwa mabega yao kabla Mwarabu hajajenga tembe Kazeh. Hata nembo ya utemi ilitoka huko. Kibangwa, alichovaa mtemi, ni duara jeupe lililokatwa kwenye gamba la konokono wa baharini. Lilichukuliwa mamia ya maili kutoka mahali ambapo wengi wa raia wake hawakupata kupaona. Waliokuwa na neno la mwisho kuhusu nani alivae ni wanyampara, wazee wa kwikuru, makao ya mtemi. Leo neno hilo, mnyapara, tumelishusha hadi kwa msimamizi wa vibarua, lakini zamani lilibeba uzito wa kumchagua mtawala.

Fundikira aliijua njia kwa nyayo zake, na aliishi na wafanyabiashara kwa mapatano. Waarabu walikaa Kazeh bila kutozwa ushuru, na binti yake, Karunde, aliolewa na Muhammad bin Juma, baba yake mfanyabiashara Tippu Tip. Ndoa ile ilikuwa mkataba kamili. Ilimpa mtemi wakwe wenye bunduki, nguo na shanga, nayo ikawapa wakwe mguu ndani ya nyumba ya utemi.

Alipofariki, karibu mwaka 1859, kiti kilikwenda kwa Mnywa Sele. Mtemi mpya aliamua kwamba kila bidhaa inayoingia katika nchi yake ilipiwe ushuru, ya Mwarabu na ya mwingine yeyote. Kwa fikra zangu, hakudai la ajabu. Wagogo walitoza hongo msafara kwa msafara, tena bila huruma, na hakuna aliyewaita waasi. Lakini Waarabu wa Kazeh walikwishazoea msamaha wa Fundikira, wakauona kuwa ni haki yao. Wakakataa. Ugomvi ukageuka vita, na mwaka 1860 Mnywa Sele akafukuzwa, mahali pake akawekwa Mkasiwa, wa ukoo uleule.

Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kugombea utemi hakukuwa jambo geni; kila ukoo wa watemi ulikuwa na wana na wajomba wenye madai yao, na wanyampara walikuwapo kwa ajili hiyo hasa. Jambo geni lilikuwa kwamba safari hii kibangwa kilivishwa kwa nguvu ya bunduki za wageni, na Mkasiwa akabaki na deni ambalo wadai wake hawakumwacha alisahau.

Mnywa Sele hakukubali. Akajikita kwenye njia ya misafara upande wa Ugogo, akishambulia na kukimbia. Mwanzoni mwa 1861 alimwendea John Speke, aliyekuwa msafiri mwenzake Burton, huko Jiwe la Mkoa, akamweleza kisa chake, akamwomba ampatanishe na Waarabu. Upatanisho haukufaulu, kwa kuwa alitaka kiti chake na wao hawakuwa tayari kukirudisha. Katika vita hivyo alikufa Snay bin Amir al-Harthi, mwenyeji wa Burton na Speke mwaka 1857, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa Kazeh. Mnywa Sele mwenyewe aliuawa mwaka 1865.

Vita vilikwisha, lakini Unyanyembe ilikuwa imelegea. Upande wa magharibi Mirambo wa Urambo alikusanya rugaruga, wapiganaji wake, na Agosti 1871 mwandishi Henry Stanley, akiwa kwenye tembe lake Kwihara, karibu na Tabora, alitazama moshi wa Tabora ikiungua. Kutoka katika ukoo wa Unyanyembe wenyewe alichomoka Nyungu ya Mawe, yaani chungu cha mawe, akaenda kusini kuitwaa Ukimbu. Hawa wawili walifariki mwaka uleule, 1884. Himaya ya Mirambo ilifumuka mikononi mwa mrithi wake, Mpandashalo, kwa sababu ilishikwa na mtu, na mtu hakuwapo tena. Nyungu alikuwa amewaweka watwale, wakuu wa maeneo wenye mipaka na kazi zinazojulikana, na binti yake Mgalula akarithi nchi ikiwa bado nzima. Natamani shule zetu zingemfundisha Mgalula kama zinavyomfundisha Mirambo.

Huko Unyanyembe, Mkasiwa alikuwa amefariki mwaka 1876, akarithiwa na mwanawe Isike. Kijana huyu alijaribu kutawala kama Mnywa Sele, akaitoza misafara na kuwabana wafanyabiashara waliomweka baba yake. Mwaka 1890 Wajerumani wakapandisha bendera yao Tabora. Mwaka 1892 walimshambulia wakashindwa na kuta za boma lake. Januari 1893 wakarudi na ofisa wao Tom von Prince, na safari hii kuta hazikuhimili. Adui walipokuwa wamekwishaingia ndani, Isike alikwenda kwenye ghala la baruti akalitia moto.

Wajerumani hawakungoja kikao cha wanyampara. Wakamtafuta mtu wa ukoo huohuo watakayemudu kumwongoza, wakamkalisha mwanamke, Nyaso, kwenye kiti cha Fundikira.