Yohana: Jina la Neema

Somo: Luka 1:57-66



Mara nyingi mzazi huleta mtoto kwenye ubatizo, nami nikimwuliza jina hujibu, "Mchungaji, tumempa la Kizungu, John." Leo tulitazame jina hilo, maana si la Kizungu.

Asili yake ni Kiebrania, Yohanani, na maana yake ni "Bwana amefadhili", yaani ametenda kwa neema. Jina la Hana, mama yake Samweli, latoka katika shina lilo hilo. Wayunani walilitamka Ioannes, Walatini Johannes. Kutoka hapo Waingereza wakapata John, Wafaransa Jean, Wahispania Juan na Warusi Ivan. Wakristo Waarabu husema Yuhanna, nasi twasema Yohana. Vinywa ni vingi, neno ni moja.

Ikumbuke nyumba ya Zakaria. Siku ya nane jamaa na majirani walitaka mtoto aitwe kwa jina la baba yake. Hoja yao twaielewa, kwani kwetu pia watoto wengi hupewa majina ya babu zao. Lakini Elisabeti alikataa. Naye Zakaria, aliyekuwa bubu, akaomba kibao, akaandika Yohana. Ndipo ulimi wake ukafunguliwa. Aliikiri neema kabla hajarudishiwa sauti.

Je, jina hilo lilimkinga mtoto na mabaya? La. Yohana alikatwa kichwa gerezani. Na mwaka 1844 alifika Mombasa mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf. Johann ndilo Yohana kwa lugha ya kwao. Mwezi wa Julai mwaka ule ule alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Hakukimbia. Alizidi kujifunza Kiswahili na kutafsiri Maandiko. Mwaka 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, Yohana wa pili, nao wakaanzisha kituo cha Rabai.

Basi jina si hirizi. Ni ushuhuda. Wewe uliyempa mwanao jina hilo, umeweka mahubiri nyumbani mwako. Kila umwitapo, hata siku ya njaa, hata siku ya msiba, wasema kwamba Bwana amefadhili. Je, wayaamini uyatamkayo?

Tuombe. Ee Bwana, zifungue ndimi zetu tuikiri neema yako, hasa wakati wa huzuni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.