Maneno Yanapoua: Wakwe Mbele ya Sheria ya India

Mwaka 1979, jijini Delhi, mwanamke mjamzito aliungua akafa katika nyumba aliyoolewa, hata mwaka mmoja wa ndoa haujaisha. Upande wa mume ulikuwa umedai skuta. Mama yake, Satyarani Chadha, akaenda kortini akidhani mambo yako wazi. Kumbe safari ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Huku kwetu tumezoea mahari yatoke kwa mwanamume. India mzigo huo mara nyingi hubebwa na kina bibi harusi. Sheria ya 1961 iliipiga marufuku desturi hiyo, ila ilihesabu kuwa mahari kile tu kilichotolewa ili ndoa ifungwe. Wakwe wakidai kitu baada ya harusi, wakili wao alisema hayo si mahari. Tundu hilo halikuzibwa hadi marekebisho ya 1984 na 1986.

Kulikuwa pia na Kanuni ya Adhabu ya 1860, ile ile Waingereza waliyoitumia hapa Kenya hadi 1930. Kifungu cha 306 kilimtia anayemchochea mtu kujiua gerezani hadi miaka 10. Shida ilikuwa kuthibitisha. Lazima uonyeshe kwamba mshtakiwa alimsukuma marehemu, alikula njama, au alimsaidia kwa makusudi. Sasa hayo yatasemwa na nani? Waliokuwemo nyumbani ni mavyaa, wifi na shemeji, nao ndio washtakiwa. Majirani walisikia kelele tu. Aliyejua yote hayupo tena.

Wanawake wakaingia barabarani. Satyarani mwenyewe aliandamana na akina mama wengine waliofiwa na mabinti. Mwaka 1983 Bunge likafanya ukatili wa mume au jamaa zake kuwa kosa, kifungu cha 498A. Likabadilisha na sheria ya ushahidi: mke akijiua ndani ya miaka 7 ya ndoa, na ikathibitishwa kwamba alitendewa ukatili, korti inaweza kuchukulia kwamba mume au wakwe ndio waliomchochea. Mwaka 1986 likaongeza kosa la kifo cha mahari. Hapo neno si "inaweza" tena, ni "lazima", mradi ionekane kwamba aliteswa kwa ajili ya mahari muda mfupi kabla ya kufa.

Usidhani basi kesi zikawa rahisi. Neno "inaweza" linamwachia hakimu nafasi ya kupima. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi kutoka Chhattisgarh ya mume aliyemwambia mkewe, katika ugomvi, afanye anavyotaka na aende anakotaka. Mke akajiua. Majaji walisema neno la hasira, lisilokusudia matokeo hayo, si uchochezi. Hatia ya ukatili ikabaki, ya kuchochea ikafutwa. Mwaka uliotangulia, katika kesi ya Punjab, mahakama hiyo ilikuwa imeonya dhidi ya tabia ya kuwaburuta ndugu wote wa mume kortini, hata wale ambao hakuna aliyeeleza walifanya nini.

Na hapo ndipo moyo unapogawanyika. Mzazi aliyefiwa anaona nyumba nzima ina damu mikononi. Korti inauliza: huyu hasa alisema nini, lini, na alikusudia nini? Ukilegeza maswali hayo, wifi aliyekuwa mji mwingine anafungwa bure. Ukiyakaza mno, mateso ya kila siku, kejeli, kunyimwa chakula, kurudishwa kwao kuleta pesa, yanaonekana madogo kwa sababu hakuna hata moja lililoua peke yake.

Tangu Julai 2024 India ina kanuni mpya ya adhabu. Namba zimebadilika, 306 sasa ni 108, lakini swali ni lile lile. Desemba mwaka huo Mahakama ya Juu ilikariri kwamba mateso peke yake hayatoshi kuthibitisha uchochezi.

Na Satyarani? Mwaka 2000 mkwewe alipatikana na hatia ya kumchochea mkewe kujiua. Rufaa yake ikatupwa mwaka 2013, miaka 34 baada ya kifo. Mama aliaga dunia mwaka uliofuata. Sheria alizozipigania zimewafaa mabinti wa watu wengine. Wa kwake alikufa kabla hazijaandikwa.