Diski ya mtandao inapokataa kufunguka baada ya kuweka Windows mpya

KUHAMIA toleo jipya la mfumo endeshi wa kompyuta ni kazi ambayo kwa kawaida huchukua saa moja au mbili. Kompyuta huzimika, huwaka tena, na mtumiaji hukuta faili zake zipo kama alivyoziacha. Taabu huanza anapobofya herufi Z, mahali ambapo kwa miaka amekuwa akifungua hesabu, mikataba na picha za ofisi zilizohifadhiwa katika diski ya pamoja. Badala ya folda, hupokea ujumbe kwamba njia ya mtandao haikuonekana, au kwamba haruhusiwi kuingia.

Tatizo hilo limekuwa la kawaida tangu Oktoba 2024, Microsoft ilipoanza kusambaza toleo la Windows 11 lijulikanalo kama 24H2. Liliongezeka uzito Oktoba 14, 2025, kampuni hiyo iliposimamisha huduma zake za kawaida kwa Windows 10, hatua iliyozisukuma ofisi nyingi kuhamia mfumo mpya.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba, mara nyingi, hakuna faili iliyopotea. Diski ipo na data imo ndani yake. Kilichobadilika ni masharti ya kufunguliwa mlango. Hasara kubwa hutokea pale mtumiaji anapoamini kuwa diski imeharibika, akaanza kufuta na kufomati.

Diski ya mtandao ni nini

Diski ya mtandao ni hifadhi iliyounganishwa na ruta au swichi ya ofisi, ikatumiwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Inaweza kuwa seva, kifaa maalumu cha aina ya NAS, au hata diski ndogo iliyochomekwa nyuma ya ruta.

Ili kompyuta na hifadhi hiyo zielewane, hutumia itifaki iitwayo SMB, yaani utaratibu maalumu wa kuomba na kupeana faili kupitia mtandao. Itifaki hiyo ilibuniwa katika kampuni ya IBM miaka ya 1980, kisha Microsoft ikaiendeleza. Toleo lake la pili lilikuja na Windows Vista mwaka 2006, na la tatu likaja na Windows 8 mwaka 2012.

Vifaa vingi vya NAS havitumii Windows. Ndani yake mna Linux pamoja na programu ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili kompyuta zisizo za Microsoft ziweze kuzungumza lugha hiyo. Kwa hiyo kifaa kilichonunuliwa zamani, ambacho programu yake ya ndani haijawahi kusasishwa, huendelea kuzungumza lugha ya mwaka kilipotengenezwa.

Mabadiliko matatu

Badiliko la kwanza ni kuondolewa kwa SMB ya kwanza. Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kilitumia udhaifu uliokuwamo katika Windows kwenye sehemu inayoshughulikia itifaki hiyo, kikashambulia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kuvuruga kazi za hospitali nchini Uingereza. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka Machi mwaka huo, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa. Kuanzia toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, Microsoft ilianza kuiondoa SMB ya kwanza katika mfumo huo.

Badiliko la pili ni saini. Katika Windows 11 24H2 za aina ya Pro, Enterprise na Education, kila ujumbe unaopita kati ya kompyuta na hifadhi hutakiwa kuwa na saini ya kidijitali, ili mtu aliyejipenyeza katikati ya mtandao asiweze kuubadilisha bila kugundulika. Kifaa kisichoweza kutia saini hukataliwa.

Badiliko la tatu ni kuzuiwa kwa wageni. Ofisi nyingi ndogo ziliacha folda zao wazi, yeyote aliyeunganishwa na mtandao aingie bila jina wala neno la siri. Windows 10 za Enterprise na Education zilianza kukataa utaratibu huo mwaka 2017, na Windows 11 Pro ikafuata katika toleo la 24H2.

Mabadiliko haya mawili ya mwisho yanahusiana. Ufunguo unaotumika kutia saini hutokana na neno la siri la mtumiaji. Mgeni hana neno la siri, hivyo hana ufunguo, na asiye na ufunguo hawezi kutia saini. Ndiyo maana baadhi ya watu huruhusu wageni katika mipangilio ya Windows, kisha wakashangaa kuona mlango bado umefungwa.

Kabla ya kugusa chochote

Inashauriwa kwanza kuthibitisha kuwa data ipo. Karibu kila NAS ina ukurasa wa usimamizi unaofunguliwa kwa kuandika anwani yake katika programu ya kuperuzi, na nyingi huruhusu kuona na kupakua faili kupitia ukurasa huo. Kompyuta nyingine ya ofisi ambayo haijahamishwa inaweza pia kutumika. Faili zikionekana kwa njia yoyote kati ya hizo, zile muhimu zinakiliwe katika diski ya nje kabla ya kuendelea.

Jambo la kuepuka ni kuchomoa diski ndani ya NAS na kuichomeka moja kwa moja katika kompyuta ya Windows. Diski hizo aghalabu zimepangwa kwa utaratibu wa Linux, ambao Windows peke yake haiusomi, na mfumo huweza kumtaka mtumiaji aifomati diski ili aitumie. Anayekubali hufuta mwenyewe kile alichokuwa akikitafuta.

Kutafuta chanzo hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kujua kama kifaa kinafikika. Umeme unapokatika na kurudi, ruta inaweza kukipa kifaa anwani mpya ya IP, na kosa hilo likasingiziwa mfumo mpya. Anwani halisi huonekana katika orodha ya vifaa ndani ya ruta. Ikiwa ni 192.168.1.20, kwa mfano, mtumiaji hufungua PowerShell na kuandika:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445

Namba 445 ni mlango unaotumiwa na SMB. Jibu likionyesha TcpTestSucceeded kuwa True, njia iko wazi na tatizo liko katika utambulisho au makubaliano ya itifaki. Likiwa False, kinachotakiwa kuchunguzwa ni nyaya, anwani, huduma ya SMB ndani ya kifaa, au programu ya kinga ya mtandao.

Hatua ya pili ni kufungua kwa anwani badala ya jina. Katika sehemu ya juu ya dirisha la faili huandikwa \\192.168.1.20. Folda zikifunguka, shida ni ya jina tu. Kifaa kutoonekana katika orodha ya Network si ushahidi kwamba kimeharibika, kwani utaratibu wa zamani wa kukusanya majina ya vifaa ulitegemea SMB ya kwanza na uliondoka pamoja nayo.

Hatua ya tatu ni kuangalia aina ya mtandao. Baada ya mabadiliko ya mfumo, mtandao wa ofisi unaweza kuhesabiwa kuwa Public, yaani wa hadharani, na Windows ikajificha. Katika mipangilio ya mtandao, ule unaoaminika hurudishwa kuwa Private.

Hatua ya nne ni kusafisha vitambulisho vya zamani. Katika Control Panel mna sehemu iitwayo Credential Manager inayotunza majina na maneno ya siri. Kumbukumbu inayohusu kifaa hicho iondolewe, kisha mtumiaji aunganishe upya. Wengi hukosea hapa kwa kuingiza tarakimu za PIN wanazofungulia kompyuta. PIN hiyo ni ya kompyuta hiyo pekee, na hifadhi haiijui. Kinachohitajika ni jina na neno la siri vilivyosajiliwa ndani ya hifadhi yenyewe.

Maana ya ujumbe wa hitilafu

Namba 0x80070035 humaanisha kuwa njia ya mtandao haikuonekana. Hii humrudisha mtumiaji katika hatua ya kwanza na ya pili.

Ujumbe unaosema kuwa sera za usalama za taasisi zinazuia wageni wasiojitambulisha humaanisha kuwa folda imeachwa wazi bila neno la siri. Hutokea hata katika kompyuta ya nyumbani isiyo ya taasisi yoyote.

Namba 0xc000a000, inayoambatana na maelezo kwamba saini si sahihi, humaanisha kuwa kifaa hakitii saini inavyotakiwa.

Ujumbe unaotaja SMB1 moja kwa moja na kusema kuwa hifadhi si salama humaanisha kuwa kifaa kinazungumza lugha ya kwanza pekee.

Namba 1219 humaanisha kuwa kompyuta tayari imeunganishwa na kifaa hicho kwa jina jingine, wakati Windows hairuhusu majina mawili kwa wakati mmoja. Amri ya net use huonyesha miunganisho iliyopo, na net use Z: /delete huondoa ule wa herufi Z. Amri hiyo hukata muunganisho tu na haifuti faili.

Tiba ya kudumu

Tiba bora hufanyika katika hifadhi, si katika kompyuta. Kwanza, programu ya ndani ya kifaa isasishwe kutoka kwa mtengenezaji wake. Pili, katika mipangilio ya SMB, toleo la chini kabisa linaloruhusiwa liwe la pili, la juu liwe la tatu, na saini iruhusiwe. Tatu, kila mfanyakazi afunguliwe akaunti yake yenye neno la siri, na ruhusa ya mgeni ifungwe. Nne, kifaa kipewe anwani isiyobadilika.

Baada ya hapo herufi hurejeshwa kwa amri ifuatayo, ambapo Hati ni jina la folda na asha ni jina la akaunti:

net use Z: \\192.168.1.20\Hati /user:asha /persistent:yes

Ili kuhakikisha kuwa tiba imefanikiwa, PowerShell hufunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi na kuandikwa Get-SmbConnection. Safu ya Dialect ikionyesha 3.1.1 au namba nyingine inayoanza na 3, pande zote mbili zinatumia toleo la tatu.

Njia ya mkato na hatari yake

Vifaa vingine vimezeeka kiasi kwamba mtengenezaji hatoi tena programu mpya. Mwenye kifaa cha namna hiyo anaweza kulegeza masharti ya kompyuta kwa muda ili aokoe data. Sharti la saini huondolewa kwa amri hii:

Set-SmbClientConfiguration -RequireSecuritySignature $false

Folda ikiwa ya wageni, huongezwa pia:

Set-SmbClientConfiguration -EnableInsecureGuestLogons $true

Kwa kifaa cha SMB ya kwanza, sehemu ya SMB 1.0/CIFS Client hurudishwa kupitia orodha ya Windows Features. 

Amri hizi ni za kuvushia data. Kazi ya kunakili ikiisha, amri mbili za mwanzo hurudiwa, ya saini ikiishia na $true na ya wageni ikiishia na $false. Anayeacha mlango wazi moja kwa moja anaiweka kompyuta mpya hatarini. Kirusi cha kudai fidia kikiingia katika kompyuta moja, folda ya pamoja isiyo na ulinzi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufungwa.

Ipo pia njia ya kurudi nyuma. Windows 11 huhifadhi mfumo wa awali kwa siku 10, na mtumiaji anaweza kuurejesha kupitia sehemu ya Recovery katika mipangilio. Njia hiyo humpa muda tu wa kunakili data na kupanga upya hifadhi yake, kwa sababu masharti hayo atayakuta tena atakapohama mara nyingine.

Watumiaji wa Mac nao hawajasalimika. Itifaki ya AFP, iliyotumika miaka mingi kuunganisha kompyuta hizo na hifadhi za mtandao, ilitangazwa na Apple mwaka 2025 kuwa itaondolewa katika toleo la baadaye la macOS. Hifadhi inayotegemea AFP pekee inapaswa kuhamishiwa SMB mapema.

Kwa ofisi ambayo bado haijahama, maandalizi ni mafupi: kusasisha hifadhi, kufungua akaunti za wafanyakazi, kuandika anwani na majina katika karatasi, na kuhamisha kompyuta moja kwanza kabla ya nyingine zote. Aidha, nakala ya pili ya data iwekwe nje ya hifadhi hiyo. Kifaa kinachogoma leo kwa sababu ya itifaki, kesho kinaweza kugoma kwa sababu diski yake imekufa, na hapo hakuna amri itakayoifufua.