Boskone: Historia ya Kongamano la Wasomaji wa Fasihi ya Kisayansi huko Boston

Wahakiki wa fasihi wamezoea kumchunguza mwandishi na kazi yake, na pengine mchapishaji. Msomaji aghalabu huachwa nje ya historia, kana kwamba kazi yake ni kununua kitabu na kunyamaza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuna tanzu ambazo historia yake haiwezi kuandikwa bila ya kuwataja wasomaji waliojikusanya, wakajadiliana, na hatimaye wakaamua wenyewe fasihi yao ihifadhiwe vipi. Mfano tutakaoutumia ni Boskone, kongamano la riwaya na hadithi fupi za kisayansi lililoanza mjini Boston, Marekani, mwaka 1941.

Kwa fasihi ya kisayansi tunakusudia hadithi za kubuni ambazo ulimwengu wake umejengwa juu ya jambo la kisayansi lisilopata kutokea, lakini ambalo akili yaweza kulikubali. Utanzu huu haukulelewa na vyuo vikuu. Mwaka 1926 Hugo Gernsback alianzisha jarida la Amazing Stories, akawa anachapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Jambo hilo dogo lilikuwa na matokeo makubwa. Wasomaji walianza kuandikiana wao kwa wao bila ya kumpitia mhariri, kisha wakaunda vyama. Mnamo Oktoba 1936 vijana wachache wa New York walisafiri hadi Philadelphia kuonana na wenzao. Januari 1937 kukawa na mkutano huko Leeds, Uingereza. Mpaka leo pande hizo mbili zinabishania heshima ya kuwa wa kwanza. Julai 1939 likafanyika kongamano la kwanza la dunia, mjini New York, nalo lilihudhuriwa na watu wapatao 200.

Boston haikubaki nyuma. Mwaka 1940 Art Widner na wenzake waliunda chama kilichoitwa Stranger Club, na mwaka uliofuata wakaitisha Boskone ya kwanza. Jina hilo lastahili kutazamwa na mwanaisimu. Silabi ya kwanza ni ya Boston. Ya pili yafanana kwa sauti na kifupisho ambacho mashabiki hao walilitumia kwa maana ya kongamano. Lakini Boskone lilikuwa pia jina la dola ya maadui katika hadithi za E. E. Smith, mkemia wa vyakula aliyeandika Galactic Patrol, iliyochapishwa kwa sehemu katika jarida la Astounding Stories kati ya 1937 na 1938. Basi aliyelisikia jina hilo akacheka, alikuwa amekwisha kujitambulisha kuwa ni mwenzao. Asiyecheka alikuwa mgeni. Hapo twaona jinsi matini moja iliyosomwa na wengi inavyoweza kuzaa jamii-lugha ndogo yenye msamiati na mizaha yake.

Boskone tano za mwanzo zilifanyika kati ya 1941 na 1945, kisha zikakoma. Mwaka 1965 kizazi kingine kililifufua kongamano hilo, nacho kilikuwa na shabaha maalumu: kuliomba kongamano la dunia la mwaka 1967 lije Boston. Ombi lilishindwa, na New York ikapewa. Hata hivyo, mwaka huo huo wa 1967 kiliundwa chama cha wapenzi wa fasihi ya kisayansi wa eneo la New England, kinachojulikana kwa kifupisho cha NESFA, na Boskone ikawa chini ya uangalizi wake. Kongamano la dunia lilikuja Boston mwaka 1971, likarudi tena 1980, 1989 na 2004. Lile la 1989 liliiweka Stranger Club miongoni mwa wageni wake wa heshima. Yaani wasomaji wa 1941 walitunukiwa hadhi ambayo kwa desturi hupewa waandishi. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi kwamba katika utanzu huu msomaji huhesabiwa kuwa mmoja wa watenda-kazi wa historia.

Tufikie sasa mwaka ambao ndio kiini cha makala haya. Katika miaka ya 1970 na 1980, hasa baada ya filamu ya Star Wars kutoka mwaka 1977, utanzu ulipata wafuasi wengi ambao hawakuingia kwa mlango wa kitabu. Walikuja kwa sababu ya filamu, mavazi ya maigizo, michezo, au sherehe za usiku. Kufikia 1987 Boskone ilikuwa na wahudhuriaji zaidi ya 4,000. Umati huo ulivuka uwezo wa waandalizi. Kukatokea vurugu, na hoteli iliyokuwa mwenyeji haikukubali tena kulipokea kongamano. Mwaka 1988 Boskone ilihamia Springfield, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 145 magharibi ya Boston. NESFA iliamua kulipunguza kongamano kwa makusudi, na kipimo walichokitumia katika kupunguza kilikuwa fasihi. Mambo yaliyowavuta watu wasiokuwa wasomaji yaliondolewa au yalibanwa. Mijadala juu ya vitabu, pamoja na maonyesho ya sanaa ya uchoraji wa utanzu huo, ikabakia.

Hapa mwanahistoria hana budi kuwa mwangalifu. Ni rahisi kuisimulia habari hii kama ushindi wa fasihi dhidi ya makelele, na masimulizi ya namna hiyo huwapendeza watu kama sisi tunaoishi kwa vitabu. Lakini uamuzi wenyewe ulizaliwa na dhiki: palikosekana mahali pa kuwaweka watu. Je, fasihi ilikuwa sababu, au ilikuwa hoja iliyopatikana baada ya haja? Kwa maoni yetu zote mbili zilikuwapo. Katikati ya mwaka huo huo wa 1987, katika eneo hilo hilo la Boston, lilifanyika kongamano la kwanza la Readercon, lililojifunga na neno lililoandikwa tu. Mgeni wake wa heshima alikuwa mwandishi Gene Wolfe. Kongamano jipya halitayarishwi kwa siku chache. Kwa hivyo kiu ya mkutano wa wasomaji watupu ilikuwapo tayari, na dhiki ya Boskone haikuiumba, bali iliipa nafasi.

Wala uamuzi huo haukukosa gharama. Walioachwa nje hawakuwa wahuni wote. Wengi walikuwa wapenzi wa kweli wa utanzu ambao waliufikia kwa njia nyingine. Mwaka 1990 lilianza mjini Boston kongamano la Arisia, lililofungua mlango kwa yale ambayo Boskone iliyapunguza. Mji mmoja ukawa na makongamano matatu yenye fasili tatu tofauti za utanzu mmoja. Wahakiki hupenda kujadili mipaka ya tanzu kwa nadharia. Huko Boston mipaka hiyo ilichorwa kwa orodha za ratiba na kwa vyumba vya mikutano.

Je, walichokichagua NESFA kilileta faida? Tuitazame kazi ya uchapishaji. Tangu 1972 chama hicho kimekuwa kikitoa vitabu vya wageni wa heshima wa Boskone. Baadaye kilijitwika kazi nzito zaidi, ya kukusanya maandishi ya watunzi ambao walikuwa wameanza kusahauliwa: hadithi fupi zote za kisayansi za Cordwainer Smith zilitolewa mwaka 1993, hadithi za Zenna Henderson 1995, na za C. M. Kornbluth 1997. Smith alikufa 1966 na Kornbluth 1958. Hadithi hizo zilikuwa zimetawanyika katika majarida ya karatasi duni, ambayo huoza. Kadhalika, tangu 1966 kumetolewa tuzo ya kumkumbuka E. E. Smith, ambayo umbo lake ni lenzi. Jane Yolen, aliyeipata mwaka 1990, amesimulia jinsi jua lilivyopita katika lenzi hiyo likaunguza koti lake. Mzaha huo nao umeingia katika hazina ya masimulizi ya jamii hiyo, sawasawa na jina la 1941.

Boskone ilirudi Boston mwaka 2003 baada ya miaka kadhaa ya Springfield na Framingham, na mwaka 2021, wakati wa janga la korona, ilifanyika kwa njia ya mtandao. Haijarudia ukubwa wake wa 1987.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuyatafakari haya. Mwaka 1995 Katama Mkangi alichapisha Walenisi, riwaya ambayo shujaa wake, Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anaingizwa katika chombo cha angani na kufika katika ulimwengu mwingine. Jina la ulimwengu huo, kama lile la Boskone, ni mchezo wa maneno unaofunguka kwa mwenye lugha peke yake: wale ni sisi. Wahakiki wetu wameisoma riwaya hiyo zaidi kama fumbo la kisiasa, na hawakukosea. Lakini utanzu hausimami kwa uhakiki wa darasani pekee. Unahitaji watu watakaoisoma kazi bila ya kutahiniwa, wakaibishania, wakaichapisha tena inapoadimika. Historia ya Boskone inatufundisha kwamba watu hao hawahitaji kuwa 4,000. Wanahitaji kukubaliana ni kitu gani kimewakutanisha, na kuwa tayari kulipa gharama ya makubaliano hayo.