Ushahidi na Matakwa: Namna Imani Zilivyobadilika katika Mjadala wa Asili ya Miji ya Waswahili

1.0 Utangulizi

Waswahili husema, ukipenda, chongo huita kengeza. Makala haya yanachunguza ukweli wa methali hiyo katika uandishi wa historia: maelezo yanapokinzana, matakwa ya mtafiti yanaathirije namna anavyoupokea ushahidi mpya? Mfano unaotumika ni mjadala wa asili ya miji ya mawe ya upwa wa Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba matakwa aghalabu hayamzuii mtu kuuona ushahidi. Huamua ni ushahidi kiasi gani utamtosha. Jambo tulipendalo hututosha kwa dalili moja, na tusilolipenda hulidai dalili kumi.

2.0 Tarihi ya Kilwa na usomaji wa kuchagua

Toleo la Kiarabu la Tarihi ya Kilwa linasimulia juu ya sultani wa Shiraz na wanawe sita waliosafiri kwa merikebu saba, mmoja wao akatia nanga Kilwa. Masimulizi hayo yaliwaridhisha wataalamu wengi wa zama za ukoloni. Hata mwaka 1964, James Kirkman, aliyekuwa amechimba magofu ya Gedi, bado aliandika kwamba majengo ya kale ya pwani ni mali ya Waarabu na Waajemi walioingia katika Uarabu, si ya Waafrika.

Hata hivyo, tarihi hiyohiyo inaeleza kwamba wageni walimkuta kisiwani Mwislamu pamoja na msikiti, na kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo kutoka kwa mwenyeji wake. Habari ya merikebu ilisomwa kama historia, ilhali habari ya wenyeji na msikiti wao haikupewa uzito uleule. Chanzo kilikuwa kimoja. Mizani ilikuwa miwili.

3.0 Kubadili tarehe bila kubadili dhana

Mwaka 1965 Neville Chittick alitumia matokeo ya uchimbaji wa Kilwa kupinga tarehe zilizozoeleka. Alidai kwamba ukoo wa Kishirazi ulianza kutawala mwishoni mwa karne ya 12, na kwamba ulitokea pwani ya Banadir badala ya kuja moja kwa moja kutoka Uajemi. Hayo yalikuwa marekebisho makubwa, na yanastahili heshima. Lakini dhana ya msingi, kwamba chemchemi ya miji hiyo ilikuwa nje ya Afrika, haikutikisika. Ushahidi uliruhusiwa kuhamisha tarehe na njia, si mhusika mkuu.

Dhana yenyewe ilitikiswa katika miaka ya 1980. Derek Nurse na Thomas Spear (1985) walionyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kipokomo na Kimijikenda. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine kuanzia karne ya 8, ya mwanzo ikiwa ya miti na udongo. Mji wa mawe ulikuwa umekua taratibu kutoka katika makazi ya wenyeji.

4.0 Matakwa ya upande wa pili

Itakuwa kosa kudhani kwamba wanazuoni wa baada ya uhuru hawakuwa na matakwa yao. Kwa taifa lililotoka kunyimwa historia yake, asili ya Kiafrika ya miji hiyo ilikuwa habari njema. Kwa hiyo, madai ya Ushirazi mara nyingi yalielezwa kuwa ni mbinu ya kujitafutia hadhi, na swali la uhamiaji likafungwa mapema kuliko ushahidi ulivyoruhusu.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya kale vya watu 80. Wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya nasaba yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama. Sehemu kubwa ya nasaba nyingine ilitoka Asia, zaidi kwa wanaume wa Kiajemi, na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Matokeo hayo yanampa kila upande nusu ya kushangilia na nusu ya kupuuza. Aidha, vinasaba haviamui lugha wala utamaduni: misikiti ya mwanzo ya Shanga ilitangulia mchanganyiko huo kwa takriban karne mbili.

5.0 Hitimisho na mapendekezo

Suala hili si la wanaakiolojia peke yao. Jina "Shirazi" liliingia katika siasa za Zanzibar hadi likawa sehemu ya jina la chama kilichoundwa mwaka 1957, Afro-Shirazi. Kitabu cha shule kinachomwita Mswahili mgeni kinamnyang'anya kwao. Kinachomkatalia babu aliyevuka bahari kinamnyang'anya nasaba.

Makala yanapendekeza mambo mawili kwa watafiti na washauri wa mitaala na urithi. Kwanza, kabla ya kuchimba au kupima, mtafiti aandike ni matokeo gani yatakayombadilisha fikra. Pili, kila maelezo yapimwe kwa kipimo kilekile, hasa yale tunayoyapenda. Matakwa hayaondoki kwa kukanushwa. Hudhibitiwa kwa kipimo kilichowekwa kabla jibu halijajulikana.